Alipunguza kila gramu ya stendi, mpaka daktari wa meno alipoomba ndoano

Saa mbili asubuhi, na msumeno wa chuma unazama kwenye mguu wa stendi ambayo bado inaning'iniza lebo ya dukani.

Mwenye stendi ameshindwa kutazama. Ni mwanamume wa makamo, daktari wa meno, mtu ambaye riziki yake ni kung'oa vitu vinywani mwa watu wakiwa macho. Lakini hapa amegeukia ukutani na kuziba masikio kwa vidole viwili, kama mtoto anayeogopa radi.

"Niambieni ikiisha," anasema.

Anayekata hana habari naye. Ni mwanamke mfupi aliyevaa aproni iliyopauka, barakoa usoni, miwani ya plastiki machoni. Mkono wa kulia unasukuma msumeno, wa kushoto unadondosha maji kutoka kwenye chupa ili vumbi la kaboni, ile malighafi nyepesi ya miguu hiyo, lisiruke likamwingia kifuani. Kipande cha urefu wa kidole kinaanguka mezani. Anakiokota, anakifuta, anakiweka juu ya mizani ndogo ya jikoni.

"Gramu kumi na saba," anatangaza. "Geuka, daktari. Jino limetoka."

Jamani! Stendi mpya kabisa, ya bei ambayo wengine hununulia pikipiki, inakatwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayelipa ikatwe. Mwandishi wa makala haya ameona mengi katika kazi hii, lakini hapo mdomo ulibaki wazi.

"Hata wewe umeshtuka?" mwanamke anacheka. "Tulia basi. Bado miguu miwili."

Wateja wanamwita Bi Gramu. Jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho, na mumewe humwita Mama Pacha, kwa sababu ya watoto wao wawili wa kike walio shule ya bweni. Kazi yake ni moja tu, na huenda hujawahi kusikia kwamba ipo: anapunguza uzito wa stendi za miguu mitatu zinazobebwa na watu wanaowinda milimani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwinda, tuelezane kidogo. Wawindaji wa milimani, hao wenye vibali vyao, hawakimbizani na mnyama. Wanakaa. Wanakaa saa nyingi kwenye ukingo wa mlima wakitafuta mbuzi mwitu kati ya mawe ya mlima wa pili, kwa darubini ndefu yenye nguvu. Darubini ya namna hiyo huwezi kuishika mkononi, maana hata mapigo ya moyo yanaitikisa. Lazima ikae juu ya stendi, na muda ukifika bunduki nayo huegemezwa hapo hapo.

Sasa stendi hiyo inapaswa kubebwa. Inapandishwa pamoja na hema, maji, chakula, nguo za baridi. Na mambo yakienda vizuri, wakati wa kushuka kuna nyama juu ya hayo yote.

"Mlimani gramu inazaa," anasema Bi Gramu. "Asubuhi umebeba moja, jioni zimekuwa kumi. Muulize yule pale."

Yule pale ni mumewe. Ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele, anakoroga chai kwenye kikombe cha bati. Ni mwanamume mrefu mwenye ngozi iliyokaushwa na jua na baridi, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiwaongoza wawindaji milimani na kuwabebea vitu vyao.

"Mimi nisiulizwe," anasema. "Huyu alinikatia mpini wa mswaki."

Ni kweli, alimkatia. Bi Gramu hakuanza na stendi. Alikuwa fundi katika kiwanda cha madirisha ya alumini, akikata fremu kutwa nzima, hadi kiwanda kilipofungwa na wafanyakazi wakaambiwa wachukue vyao waende. Alirudi nyumbani na ujuzi wa kukata chuma bila chuma cha kukata. Jioni moja mume akarudi kutoka mlimani, akavua shati, na mke akaona mabega yake.

"Palikuwa pameiva," anasema. "Pale mikanda ya begi inapokaa, ngozi ilikuwa imetoka. Nikamwambia leta hilo begi. Nikalimwaga lote sakafuni, nikaanza kupima kitu kimoja kimoja."

Akakata mpini wa mswaki. Akakata lebo za soksi, ncha za mikanda, kifuniko cha sufuria. Mume akawa anaingia chumbani na kukuta kila kitu chake kimefupishwa. "Nilikuwa nalala nikiwa nimejificha," anasema mume, na wote wawili wanacheka, ni wazi wameshaucheka utani huo mara nyingi.

Lakini kitu kizito kupita vyote kilikuwa stendi ya zamani ya mume. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo tatu. Bi Gramu akaifungua yote, akabaki anashangaa.

"Nikasema, hivi hawa walioitengeneza walikuwa wanalipwa kwa kilo? Nati ya chuma mahali ambapo ya alumini ingetosha. Sponji ya kushikia, raba, mpini mrefu kama wa ufagio. Kila mahali mafuta matupu, nyama hakuna."

Stendi ile ilikuwa mbovu tayari, hivyo akanunua nyingine ya kaboni iliyotumika, akaikata hadi ikabaki chini ya nusu ya uzito wa ile ya kwanza. Wawindaji walioongozana na mumewe wakaishika, wakapeana, wakaulizana nani kaitengeneza. Kuanzia hapo simu haijapumzika. Msimu ukikaribia anapokea stendi nne au tano kwa mwezi, na kazi ya stendi moja inatosha kuilisha nyumba karibu wiki nzima. Kipindi mume alipokuwa kitandani, ni stendi hizo zilizowalisha wote na kulipia shule.

Kitandani, ndiyo. Msimu uliopita mume alirudi akiwa amebebwa. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika mahali pawili, na hadi leo una vyuma ndani. Kwa mujibu wa mwenyewe, na kwa mujibu wa mkewe anayesimulia huku akifungua skrubu, aliteleza kwenye jiwe lenye maji.

Sasa amepona kiasi cha kutembea kwa kuchechemea. Daktari wa mifupa amemruhusu kurudi kazini, ila kwa sharti kwamba begi lake liwe jepesi. Wenzake wamemwekea nafasi yake, na msimu unafunguliwa mwezi ujao. Akikosa msimu huu, nafasi atapewa kijana mwenye magoti mazima, na hilo kila mtu katika nyumba hii analijua.

Ndiyo maana kwenye rafu, ndani ya kitambaa safi, kuna stendi ambayo Bi Gramu ameitengeneza mwenyewe tangu mwanzo, si ya mteja. Anaishusha kwa mikono miwili na kumpa mwandishi aishike.

Loo! Mtu anajiandaa kubeba kitu, na mkono unapanda juu wenyewe. Stendi nzima ni nyepesi kuliko mfuko wa sukari.

"Ya Baba Pacha," anasema, na uso wake wote unang'aa. "Nyepesi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Yaani hapo hakuna tena cha kutoa, labda nitoe mguu mmoja."

Mume anainamia chai yake na kukoroga.

Karakana yenyewe ilikuwa stoo. Ina meza moja ndefu yenye jiliwa la kubania vyuma, taa mbili, misumeno imetundikwa kwa ukubwa wake. Dirisha limefungwa na pembe zake zimezibwa kwa karatasi ya gundi. Feni ni marufuku. Mizani ya Bi Gramu ni nyepesi kiasi kwamba ukipita karibu yake kwa haraka inabadilisha namba, kwa hiyo humo ndani watu hutembea polepole na kukohoa kwa ruhusa. Joto lake si la kusimulia.

Miguu mitatu ikiisha kukatwa, inafuata nguzo ya kati. Hii ni ile fimbo inayosimama katikati ya stendi, ya kupandishia na kushushia kichwa kinachoshika darubini, na chini yake ina ndoano ndogo. Bi Gramu huing'oa yote na kuweka mahali pake kisahani cha alumini alichokichonga mwenyewe. Anaizungusha nguzo, inatoka. Anafungua ndoano na kuitupa kwenye kopo la rangi lililo chini ya meza, ambalo limejaa ndoano za stendi zilizotangulia.

"Hiyo ndoano niachie," anasema daktari wa meno. Amegeuka sasa, anafuta miwani yake.

"Ya nini?"

"Ya kutundikia begi."

"Begi si unaliweka chini?"

"Kukiwa na upepo nalitundika." Anasema kwa wepesi, kama anayeagiza chai isiyo na sukari. "Stendi nyepesi hivi, bila kitu kizito chini yake upepo unaibeba. Wewe si unajua mwenyewe."

Kule mlangoni kijiko kinaacha kukoroga.

Mwandishi, kusema ukweli, hakuelewa kilichotokea. Alidhani hayo ni mazungumzo ya ufundi, akawa anatafuta kalamu. Alipoinua macho, Bi Gramu alikuwa ameinama, ameitoa ndoano ndani ya kopo, na anaitazama kwenye kiganja chake. Akamtazama daktari. Kisha akavua barakoa polepole na kumgeukia mumewe.

"Baba Pacha. Siku ile kulikuwa na upepo?"

"Mlimani kuna siku isiyo na upepo?"

"Sijakuuliza habari za mlima. Nimekuuliza siku ile."

Mume akaweka kikombe chini.

"Ulisema uliteleza," mke akasema.

"Niliteleza."

"Uliteleza ukifanya nini?"

Daktari wa meno akanyanyuka taratibu, akasema labda arudi kesho.

"Kaa, daktari," Bi Gramu akasema bila kumtazama. "Umelianzisha mwenyewe, kaa tulimalize."

Akakaa.

Na mume akasimulia, macho yake yakiwa sakafuni. Walikuwa juu, ukingoni. Alikuwa amesimika ile stendi iliyokatwa na mkewe na kuweka juu yake darubini ya mteja, darubini ya bei ya kutisha. Akaenda hatua chache kuchukua chupa ya chai. Upepo ukaja ghafla, akageuka, akaiona stendi inaondoka. Haikuanguka, anasisitiza, iliondoka, kama mtu aliyeitwa. Akairukia.

"Niliikamata darubini," anasema. "Stendi ikaenda. Mimi nikaviringika mpaka kwenye mawe. Waliponikuta nilikuwa nimeikumbatia. Haikupata hata mkwaruzo."

Mungu wangu! Mfupa umevunjika mahali pawili na kioo kiko kizima. Mwandishi aliandika sentensi hiyo na kuisoma mara mbili kabla ya kuiamini.

Bi Gramu alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mguu wa meza, vumbi la kaboni limemjaa kwenye aproni.

"Ni mimi," akasema. "Mwaka mzima nalilaani jiwe. Nalilaani jiwe kila siku, kumbe ni mimi."

"Ni upepo, Mama Pacha."

"Upepo haukukata stendi. Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?" Hapo sauti ya mume ikapanda kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa unaninyanyua kwenda msalani. Ulikuwa unanilisha. Usiku unalia kimya kimya ukidhani nimelala. Halafu asubuhi unaingia humu ndani kukata, na hicho ndicho tulichokuwa tunakula. Nikuambie ni mikono hiyo hiyo? Ungeshika msumeno tena?"

Akanyanyuka, akaichukua stendi ya mume kutoka kwenye kitambaa chake na kumwelekezea usoni.

"Na hii? Hii ulikuwa unapanda nayo mwezi ujao?"

Mume akakiokota tena kikombe chake.

"Nakuuliza, ulikuwa unapanda nayo?"

"Ningeishika kwa mkono."

"Ungeishika kwa mkono!"

"Mkono mmoja kwenye stendi, mwingine kwenye darubini. Nilishapiga hesabu zangu."

"Na bunduki ungeishika kwa meno? Daktari, unamsikia? Ungeishika kwa meno, Baba Pacha? Na huo mguu wa vyuma ungeegemeza wapi?"

Daktari wa meno alikuwa anatazama viatu vyake. Mume alijaribu kucheka, akashindwa, na mke akatoka nje na kuacha mlango wazi. Upepo mdogo ukaingia, mizani juu ya meza ikaanza kubadilisha namba, na hakuna aliyeinuka kuufunga.

Aliporudi alikuwa ameshanawa uso na ana simu mkononi. Akili yake ilikuwa imeshatoka kwa mume na kufika kwa wateja wake wengine wote. Kopo lile la rangi lilikuwa limejaa. Kila ndoano humo ni stendi iliyoko kwa mtu, na mtu huyo ana mke, au mama, au watoto.

Akaanza kupiga simu. Mwandishi na daktari walikaa hapo hadi mchana wakimsikiliza akirudia maneno yale yale: ni mimi fundi wa stendi, tafadhali usipande nayo, irudishe nitengeneze upya, sitaki malipo. Wengine walicheka. Mmoja alimfokea kwamba ameshalipia kibali na hawezi kukaa nyumbani kwa ajili ya ndoano. Mmoja alidhani ni tapeli na akakata.

Na mmoja hakupatikana. Ni mwalimu wa shule aliyechukua stendi yake majuzi tu. Alipopigiwa mkewe, alisema mwenzake ameshapanda, yuko kwenye safari ya kuchunguza njia kabla ya msimu, na huko hakuna mtandao.

"Yuko peke yake?" Bi Gramu akauliza.

Yuko peke yake.

Mwandishi aliondoka jioni. Siku zilizofuata kila alipompigia fundi, jibu lilikuwa lile lile, bado. Mumewe ndiye aliyekuwa akipokea simu. Alisema mkewe hali chakula vizuri, hafanyi kazi, na kwamba amemwambia waziwazi: mwalimu akipatwa na jambo, karakana hiyo haifunguliwi tena, na yeye mume asahau mlima, maana stendi nyingine hatamtengenezea na ya dukani hataweza kuibeba.

Hatimaye mwalimu alipiga simu mwenyewe. Alikuwa ameshuka, mzima wa afya, ameona alama za kupigiwa kwenye simu yake na kushtuka akidhani kumetokea msiba.

Bi Gramu anasimulia mazungumzo hayo akiwa amejishika kifua. "Nikamwambia, mwalimu, ndoano! Stendi yako haina ndoano! Upepo! Akaniambia, 'Aa, hiyo? Mbona nilishafunga kamba ya kiatu siku ya kwanza tu. Naning'iniza chupa ya maji.' Nikamuuliza, mbona hukuniambia? Unajua alinijibu nini?"

Anangoja.

"Alisema, 'Nilidhani unajua.'"

Haya sasa! Basi akawapigia wengine wote upya, safari hii kuwauliza tu. Na majibu aliyoyapata ndiyo yaliyomwacha hoi. Mmoja hutundika begi kwa mkanda wa suruali yake, ndiyo maana hutazama darubini huku ameshikilia suruali kiunoni. Mwingine hupanga mawe kuzunguka kila mguu. Mwingine aliipoteza stendi bondeni mwaka juzi, akasema kimoyomoyo ni uzembe wake, akaja kwa fundi yule yule kutengeneza nyingine na kumshukuru. Watu wazima, wenye bunduki, kila mmoja amejitafutia dawa yake kimya kimya, na hakuna hata mmoja aliyemwambia fundi, kwa sababu kila mmoja alidhani fundi amefika juu.

Hajawahi kufika juu. Hilo mwandishi naye hakuwahi kuliuliza. Miaka yote hiyo Bi Gramu amekuwa akitengeneza vitu vya mlimani ndani ya chumba ambacho feni ni marufuku.

"Mimi naogopa urefu," anasema. "Hata kwenye ngazi nashikiliwa. Nilijua uzito tu, kwa sababu uzito niliuona kwenye mabega ya mume wangu. Upepo ningeuona wapi?"

Na mume, aliyezeekea huko, mbona hakujua habari za ndoano? "Ile stendi yangu ya zamani ungeweza kufungia ng'ombe," anajibu. "Upepo ulikuwa unaipita unaisalimia. Ndoano nilikuwa naanikia soksi."

Mwandishi aliporudi wiki kadhaa baadaye, alimkuta Bi Gramu amebabuka pua kwa jua. Amepanda. Alipanda hadi kwenye ukingo wa kwanza tu, akiwa amemshika mumewe mkono. Mume anachechemea, mke amefumba jicho moja, na daktari wa meno amewafuata nyuma na begi la dawa "endapo," kama alivyosema, bila kufafanua endapo nini. Walipumzika kila walipoona jiwe la kukalia.

Huko juu aliisimika stendi ya mume na kuiachia.

"Sikumaliza hata kuondoa mkono," anasema. "Ikalala. Nikaisimika tena, ikalala. Nikapiga yowe hadi daktari akadhani nimeumwa na nyoka. Yaani upepo ule unakusukuma kama mtu anayekudai njia. Nikamtazama huyu, nikasema, hapa ndipo nilipokutuma na fimbo tatu za kuchokolea meno."

Akalia huko. Kisha akaacha kulia, kwa sababu aliona kitu ambacho wote walikuwa wamekikalia muda wote huo. Mawe.

Leo kila stendi inayotoka kwenye karakana yake ina kitanzi cha kamba nyembamba chini ya kisahani, na kifuko kilichoshonwa kwa kitambaa cha mwavuli mbovu. Kifuko na kamba vina gramu kumi na moja, pungufu ya ile ndoano ya chuma. Mwindaji anakipandisha kikiwa kitupu. Akifika juu anakijaza mawe, anakitundika, na stendi inasimama kama imepandwa. Akishuka anayamwaga.

"Mawe yapo huko huko, ya bure," anasema. "Sasa mtu ayabebe kutoka nyumbani kwa nini?"

Amewafungia wateja wote wa zamani bila malipo, hata yule aliyemfokea. Na hakuna stendi inayotoka sasa bila kulala nje usiku mmoja, imesimama juani na upeponi, ingawa upepo wa bondeni, anakiri, ni wa kuchezea. Ndiyo maana anataka kupanda tena msimu ukiisha, afike juu zaidi ya pale alipolia. Mumewe anasema atampeleka akikubali kufungua macho yote mawili.

Ila kuna stendi moja ambayo haikuishia kwenye kamba na kifuko. Ile iliyokuwa nyepesi kuliko zote ameivunja. Ya sasa ya mumewe ina miguu minene, ina kamba, ina kifuko, na chini ya kisahani amerudisha ndoano ya chuma, ile ile aliyoitoa kwenye stendi ya zamani kabisa. Mwandishi aliishika. Ina uzito wa maana.

Mume hakuifurahia. Begi lake limepimwa, bado liko ndani ya kiasi alichoruhusiwa na daktari wa mifupa, lakini kwa unyoya tu.

"Wateja wake wanapanda kama wanakwenda harusini," alisema, akiipima kwa mkono mmoja. "Mimi mume wa fundi ndiye napewa gogo. Toa hata gramu mia, Mama Pacha. Hamsini basi."

"Sitoi."

"Toa hiyo ndoano. Kamba si ipo?"

"Nimesema sitoi hata moja."

Mume akamgeukia mwandishi kumtaka awe shahidi, kisha akaifunga stendi ubavuni mwa begi na kulijaribu begani, akiguna kwa makusudi ili asikike. Anaondoka na kundi la kwanza, keshokutwa asubuhi.

Bi Gramu alimtazama akizunguka uani na begi lile, akichechemea. Alipoulizwa ana mipango gani baada ya hapo, alisema ya karakana ni mingi na ataieleza siku nyingine. Kwa sasa ana ombi moja.

"Arudi kwa miguu yake," alisema. "Aingie hapo mlangoni, atupe begi chini, na aanze kulalamika kwamba stendi yangu ni nzito. Alalamike mpaka achoke. Nitamsikiliza."